Utando wa Chakula na Piramidi ya Nishati ya Ziwa Victoria: Mwongozo Kamili wa Kuchora kwa Ushahidi

Michoro ya utando wa chakula, yaani mishale inayoonyesha nani analiwa na nani, ninayoletewa na wanafunzi na walimu wa Mwanza ina kasoro zilezile. Mishale imegeuzwa. Jua halipo. Piramidi, inayotakiwa kuonyesha nishati inavyopungua kutoka ngazi moja ya ulaji hadi nyingine, imechorwa kwa kukadiria, ngazi zote zikipishana kidogo tu. Na katikati ya ukurasa wamekaa nyasi, swala na simba, ilhali aliyechora anaishi Igoma na kila wiki anakula dagaa.

Somo lenyewe si gumu. Watu wanakwama kwa sababu wanachora walichokariri, si walichokiona. Kwa hiyo tutaanzia ufukweni, halafu ndipo tukae mezani. Ukifuata hatua kwa mpangilio wake utamaliza na vitu viwili: utando ambao kila mshale wake una ushahidi, na piramidi ambayo namba zake zinajumlika.

## Vifaa

- Kaunta buku, penseli, na kalamu mbili za rangi: nyekundu na bluu
- Karatasi ya grafu na rula ya sentimita 30
- Beseni jeupe. Rangi nyingine haifai, maana vidudu vya maji havionekani humo
- Soksi ndefu ya nailoni, waya wa kutengenezea pete, na chupa ndogo ya plastiki
- Sahani nyeupe yenye upana wa karibu sentimita 20, jiwe, na kamba yenye fundo kila baada ya sentimita 10
- Kioo cha kukuzia. Hadubini kama shule inayo
- Mizani ya jikoni
- Kisu kidogo, glavu za mpira na gambuti
- Dumu la maji safi kutoka nyumbani, na sabuni

## Kabla hujagusa maji

Soma sehemu hii hata kama umezaliwa ukiogelea Capri Point.

Ufukwe wetu una kichocho. Konokono wanaokibeba hukaa kwenye maji tulivu yenye majani, na ndipo hasa utakapotaka kuchota. Vimelea vyake hutoka kwa konokono kwa wingi jua likiwa kali, na hupenya ngozi kwa dakika chache tu. Usiingie majini miguu mitupu. Chota ukiwa juu ya jiwe, kwenye gati au ndani ya mtumbwi, ukiwa umevaa glavu.

Ukikuta utando mzito wa kijani umeelea juu, hamia sehemu nyingine. Baadhi ya mwani huo hutoa sumu. Na kwenye matete yoyote, waulize kwanza wavuvi kama pana mamba au kiboko. Wakikwambia usisogee, usibishane nao.

## Hatua ya 1: Weka mpaka

Chagua kipande kimoja cha ufukwe chenye urefu wa hatua zako 20 hivi, pamoja na maji yaliyo mbele yake. Miamba ya Capri Point inafaa, matete ya Luchelele yanafaa, na mchanga wa Igombe pia. Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa, hivyo usikusanye kitu huko bila kibali.

Chora ramani ndogo ya kipande chako, kisha uandike kinachoingia na kinachotoka: mwanga wa jua, maji ya mtaro, mitumbwi, ndege wanaotua na kuondoka, samaki wanaovuliwa. Bila mpaka huwezi kusema nishati kiasi gani imeingia wala kiasi gani imetoka, na hesabu ya hatua ya 7 itakosa pa kusimama.

Umefanikiwa kama mtu mwingine anaweza kusimama na ramani yako akajua kipande chako kinaanzia wapi na kinaishia wapi.

## Hatua ya 2: Pima mwanga unafika kina gani

Karibu nishati yote utakayoihesabu inaingia kwa mlango mmoja, usanisinuru. Mwani na mimea hunasa mwanga na kuutengenezea chakula. Mahali ambapo mwanga haufiki, hakuna uzalishaji.

Funga sahani kwenye kamba ikae bapa, na jiwe liwe chini yake. Kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, ishushe taratibu kwenye upande wenye kivuli cha mtumbwi au gati. Ikipotea machoni, hesabu mafundo. Ivute juu, na mara inapoonekana tena, hesabu upya. Chukua wastani wa vipimo hivyo viwili. Ukiwa kwenye mtumbwi, vaa jaketi la kuokolea maisha.

Zidisha wastani huo kwa 2.5 hadi 3. Utapata makadirio ya kina ambacho chini yake mwani haupati mwanga wa kutosha kujiendesha. Sahani ikipotea kwenye mita 1.2, tabaka linalozalisha ni la mita 3 hadi 3.6 tu. Ziwa letu lina kina cha wastani cha mita 40 hivi, kwa hiyo utaona jinsi tabaka linalolisha vyote vilivyo chini yake lilivyo jembamba.

Rudia kipimo pembeni ya kundi la magugu maji, halafu jiulize chini ya majani yale kuna mwanga kiasi gani. Utaelewa kwa nini magugu yakifunika maji, mwani wa chini yake hufa, hata kama magugu yenyewe yamestawi.

## Hatua ya 3: Kusanya wadogo

Wengi huruka hatua hii, na utando wao unaanza na samaki anayekula kitu kisichojulikana.

Pindisha waya uwe pete, ushonee mdomo wa soksi, kata ncha ya soksi na uifungie chupa ndogo. Vuta soksi hiyo majini kwa dakika tano ukiwa kwenye gati au mtumbwi. Mimina kilichonaswa kwenye beseni jeupe, subiri maji yatulie, kisha tazama kwa kioo cha kukuzia.

Utaona vitone vinavyorukaruka. Hao ni planktoni wanyama. Rangi ya kijani iliyosambaa majini ni mwani mdogo, yaani planktoni mimea, na kuona umbo lake unahitaji hadubini. Chota pia matope kidogo ya pembeni: utapata viluwiluwi vya wale wadudu wanaopanda kutoka ziwani kama wingu jeusi, konokono, na pengine chodamu, uduvi wetu mdogo anayeona raha kwenye mabaki yaliyooza.

Usiandike "wadudu" kwa jumla. Jina kamili la kitaalamu si lazima, lakini kila aina ipewe mstari wake na mchoro mdogo.

Umefanikiwa kama orodha yako ina wadogo wengi kuliko samaki.

## Hatua ya 4: Fungua matumbo ya samaki

Utando mzuri na mbaya hutofautiana hapa, kwa hiyo usiharakishe.

Nenda Kirumba, au mwalo wowote (mahali mitumbwi inaposhusha samaki) ulio karibu nawe, asubuhi na mapema. Salimia kwanza. Ukimwamkia mama anayepasua samaki "Shikamoo", au ukatupia "Mwangaluka" kama ni Msukuma, nusu ya kazi imekwisha. Halafu sema unachotaka: "Mama, naomba tumbo la huyo sangara. Najifunza anakula nini." Wapasuaji wamefungua matumbo mengi kuliko mwalimu yeyote wa baiolojia. Waulize wameona nini na uandike, ukionyesha kuwa ni maelezo ya kuulizwa.

Usinunue samaki wachanga kwa ajili ya zoezi. Sangara anayeruhusiwa ni wa kuanzia sentimita 50, na sato kuanzia sentimita 25.

Sangara. Tumbo ni mfuko mnene unaofuata koo. Juu yake, chini ya uti wa mgongo, kuna mfuko mweupe wa hewa: ndilo bondo. Usilitoboe! Bondo lina bei kubwa kuliko nyama, na ukiliharibu umemharibia mwenyewe biashara. Pasua tumbo juu ya beseni, osha kilichomo kwa maji kidogo, tenganisha na upime kila aina. Kwa sangara mdogo, wavuvi watakwambia kuna chodamu na wadudu wa maji. Kwa mkubwa utakuta dagaa, furu (wale samaki wadogo wa ziwani), na mara nyingine sangara mwenzake.

Matumbo mengi yatakuwa matupu. Samaki akivutwa haraka kutoka kina kirefu, hewa ya bondo hutanuka na kulisukuma tumbo, akatapika alichokula. Andika "tupu" kwenye daftari. Ukiyaacha matumbo matupu nje ya hesabu, utadhani sangara anashiba kila saa.

Sato. Utaona tofauti kabla hujatumia kioo. Utumbo wake ni mwembamba, umejikunja mizunguko mingi, na ukiunyoosha unazidi urefu wa mwili mara kadhaa. Mlaji wa mimea anahitaji utumbo wa namna hiyo, kwa kuwa mwani huchukua muda kumeng'enywa. Kamua kilichomo: ni uji wa kijani au kahawia. Uchunguze vizuri lakini, maana sato wa ziwa hili hula pia wadudu na chodamu. Ukimweka kwenye ngazi ya walaji mimea peke yake utakuwa umekosea.

Dagaa. Chukua wabichi. Walioanikwa wamebeba mchanga, na mchanga utakuchanganya. Chakula chao kikuu ni planktoni wanyama na wadudu wadogo.

Kamongo. Ukimpata, tafuta vipande vya magamba ya konokono.

Umefanikiwa kama kwa kila samaki una uzito wa chakula, orodha ya kilichomo, na idadi ya matumbo uliyofungua, yakiwemo matupu.

## Hatua ya 5: Chora mishale

Andika majina yote ukurasani, wazalishaji wakiwa chini. Chora jua pembeni. Jua si kiumbe na halina ngazi, lakini lazima liwe na mshale unaoelekea kwa wazalishaji.

Mshale unaonyesha nishati inakoelekea, kwa hiyo hutoka kwa anayeliwa kwenda kwa anayekula. Kosa huingia kwa sababu tunapozungumza tunamtanguliza mlaji: "Sangara anakula dagaa." Mkono nao unaanza na sangara. Dawa ni kuweka kidole kwenye kila mshale na kuusoma "analiwa na": dagaa *analiwa na* sangara. Ukisikia "sangara analiwa na dagaa", futa.

Juu ya kila mshale andika herufi moja: T kama umekiona tumboni, M kama umemwona akila kwa macho yako, U kama umeulizia. Mdiria akiruka na samaki mdomoni mbele yako ni M. Fisi maji uliyesimuliwa na mvuvi ni U. Mshale usio na herufi hauna nafasi kwenye utando huu, hata kama ulikuwa kitabuni.

Usisahau sanduku la "mabaki", yaani majani yaliyooza, samaki waliokufa, vinyesi, mapanki (mifupa ya samaki waliotolewa minofu) yaliyotupwa. Kutoka humo mishale inakwenda kwa bakteria, kuvu, chodamu, na pia kwa kongoti na mwewe wanaozunguka mwaloni. Na weka binadamu. Mpaka wako unatoa samaki kila siku, na wanakwenda kwa mtu.

## Hatua ya 6: Panga ngazi

Wazalishaji ni ngazi ya 1, wanaowala ni ya 2, na kuendelea. Sangara atakusumbua: akila chodamu yuko ngazi ya 3, akila dagaa yuko ya 4, akila sangara mwenzake anapanda zaidi.

Usilazimishe. Mgawanye kwenye masanduku mawili, "sangara mdogo" na "sangara mkubwa". Ni samaki mmoja kwa jina, lakini kwa mwendo wa nishati ni walaji wawili tofauti.

## Hatua ya 7: Hesabu nishati

Namba zifuatazo ni za zoezi, hazikupimwa ziwani. Kipimo ni kilojouli (kJ).

Anza na dagaa. Chukulia kundi la dagaa limekula planktoni wenye kJ 1,000:

- kJ 200 hazikumeng'enywa, zimetoka na kinyesi
- kJ 650 zimetumika kuogelea, kupumua na kuuendesha mwili, zikaishia kuwa joto
- kJ 150 zimejenga mwili na mayai

Jumla ni 1,000. Isipojumlika, rudi nyuma kabla hujaendelea. Sasa, katika zile 150, si zote zinamfikia sangara. Dagaa wengine wanakufa na kuzama. Tuseme kJ 100 zinaliwa. Basi katika 1,000 zilizofika ngazi ya dagaa, 100 zimevuka kwenda ngazi inayofuata, sawa na asilimia 10.

Ndiko inakotoka ile asilimia 10 ya vitabuni. Ni wastani; katika mazingira halisi mara nyingi huwa kati ya 5 na 20. Ukipewa namba kwenye mtihani, tumia namba ulizopewa:

Ufanisi = nishati ya ngazi ya juu ÷ nishati ya ngazi ya chini × 100

Mfano: kJ 1,250 ÷ kJ 9,800 × 100 = 12.8%. Anayejibu "10%" hapa amekariri, hakukokotoa.

Sasa panda ngazi zote kwa asilimia 10:

| Ngazi | Nani | kJ |
|---|---|---|
| 1 | Mwani mdogo | 100,000 |
| 2 | Planktoni wanyama | 10,000 |
| 3 | Dagaa | 1,000 |
| 4 | Sangara | 100 |
| 5 | Mtu | 10 |

Hata ile 100,000 ya mwani ni kipande kidogo. Wazalishaji hunasa karibu asilimia 1 tu ya mwanga unaowaangukia, mara nyingi pungufu ya hapo.

Tazama mstari wa mwisho, halafu mtoe sangara katikati. Mtu akila dagaa moja kwa moja anapata kJ 100 badala ya 10. Mwani uleule, ziwa lilelile, chakula mara kumi. Ninaliona hili kuwa jambo zito kwa mkoa wetu, kwa sababu dagaa wengi hawaishii kwenye sahani, wanasagwa kuwa chakula cha kuku. Chora na mnyororo huo, dagaa → kuku → mtu, uone ngazi iliyoongezeka inakula kiasi gani.

## Hatua ya 8: Chora piramidi

Tumia kipimo kimoja kwa ngazi zote. Ngazi ya 1 ikiwa na upana wa sentimita 20, ya 2 ni sentimita 2, ya 3 ni milimita 2, na ya 4 ni mstari ambao penseli inauchora kwa shida. Wanafunzi hufika hapa wakaona imeharibika, wakaipanua ili ipendeze. Usipanue. Umbo hilo la mnara mwembamba juu ya kitako kipana ndilo jibu sahihi, na ndilo linaloeleza kwa nini furukombe ni wachache kuliko dagaa.

Tahadhari: piramidi ya uzito wa viumbe inaweza kugeuka juu chini majini. Ukipima siku moja, planktoni wanyama wanaweza kuwa na uzito mkubwa kuliko mwani wanaoula, kwa sababu mwani huzaliana na kuliwa upesi sana. Piramidi ya nishati haigeuki kamwe, kwa kuwa inahesabu kilichopita kwa kipindi chote, si kilichopo kwa siku moja. Kwa hiyo kila namba iandike na muda wake, kwa mfano kJ kwa mita ya mraba kwa mwaka.

## Hatua ya 9: Tenganisha nishati na virutubisho

Rudi kwenye utando wako ukiwa na kalamu mbili.

Kwa nyekundu, toa mshale mdogo wa "joto" kutoka kwa kila kiumbe, bakteria wakiwemo, uelekee nje ya mpaka. Nishati ikishakuwa joto haimrudii kiumbe yeyote, kama joto la sufuria iliyoepuliwa.

Kwa bluu, chora naitrojeni na fosforasi: kutoka mabaki, kupitia bakteria na kuvu, kurudi kwenye mwani na magugu maji. Hizi zinazunguka. Ongeza mshale wa bluu unaoingia kutoka nchi kavu, kwani Mto Mirongo unapita katikati ya mji na kumwaga ziwani kila unachobeba. Virutubisho vikizidi, mwani hulipuka kwa wingi. Mwani huo ukifa, bakteria wanaouozesha hutumia oksijeni ya maji, na samaki huishiwa pumzi.

Umefanikiwa kama mistari ya bluu inafunga mzunguko na ile nyekundu yote inaishia nje. Kalamu nyekundu ikirudi kwa mwani, futa.

## Hatua ya 10: Ujaribu utando wako

Funika sanduku moja kwa kidole na ufuate mishale. Ukimfunika dagaa, nani anabaki bila chakula? Planktoni wanyama wataongezeka au watapungua? Mwani je?

Anza na jaribio ambalo ziwa lenyewe limeshalifanya. Sangara walipoongezeka sana miaka ya 1980, furu walianguka vibaya, na dagaa na chodamu wakaongezeka. Utando wako ukishindwa kueleza hilo, kuna mshale unaokosekana, na mara nyingi ni ule wa furu wanaokula planktoni na mabaki.

Baada ya hapo andika utabiri wako mmoja na tarehe. Kati ya Juni na Agosti upepo wa kusi huchanganya maji ya ziwa na kupandisha virutubisho vilivyokuwa chini. Rudi kwenye kipande kilekile mwezi wa 7, shusha sahani, vuta soksi, fungua matumbo, na uandike vipimo vipya kando ya vile vya zamani, kwenye ukurasa uleule.